Blanketi, gunia au pesa za kila mwezi: kusaidia makao ya watu wa mitaani Nakuru wakati wa baridi

Kila mwaka, Mei inapokaribia kuisha, chama chetu cha watu kumi na wanne hapa Nakuru huketi kuamua jinsi fedha tulizoweka kando zitakavyoyasaidia makao ya watu wa mitaani katika miezi mitatu ya baridi. Mwaka huu fedha hizo ni Sh60,000. Mimi ndiye mweka hazina, na kwa kuwa katika miaka iliyopita tumewahi kupeleka blanketi, nguo, magunia ya chakula, pesa taslimu na hata nguvu zetu wenyewe, nimeona niziweke njia hizo bega kwa bega kwa ajili ya vikundi vingine, jumuiya za makanisa na wafanyakazi wenza ambao huenda wana kiasi kama chetu na hawajajua wakielekeze wapi.

Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya mlima wa volkeno wa Menengai na Ziwa Nakuru, na kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku jua halionekani kabisa, huku usiku joto likishuka hadi karibu nyuzi 10. Mvua nayo haitupi likizo, kwa maana Julai na Agosti hunyesha, na mtu aliyelowa saa moja jioni hana pa kujikausha hadi asubuhi. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini kote, 2,005 kati yao wakiwa Kaunti ya Nakuru na 2,746 Kaunti ya Kisumu. Naitaja Kisumu kwa sababu ndugu zetu wa huko, walio mita 1,130 hivi na wenye usiku wa joto, wakikwambia kwamba wanahitaji vyandarua kuliko blanketi, usiwashangae. Msimu wao mgumu ni wa mbu na mafuriko, na ulinganisho huu hauwafai bila kubadilishwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba makao mengi hupokea wageni wengi Desemba, wakija na keki, soda na mbuzi wa Krismasi, kisha Julai lango likakaa kimya. Kwa hiyo kila njia iliyo hapa nimeipima kwa swali moja: itafanya kazi gani usiku wa katikati ya Julai?

Blanketi na nguo

Blanketi ndilo wazo la kwanza la kila mtu, na sababu yake inaeleweka. Linashikika, linapigwa picha vizuri, na mtoaji anarudi nyumbani akijua kabisa pesa yake iligeuka kuwa nini. Kwa makao ambayo watu hulala na kuondoka asubuhi, blanketi zito linalobaki ndani ya lango linaweza kutumika misimu mitatu au minne. Anayegawiwa la kuondoka nalo hali yake ni tofauti, kwa sababu mtaani blanketi lina bei. Litanyang'anywa na mwenye nguvu zaidi, au mwenyewe ataliuza kwa mlo wa siku moja. Simlaumu. Nasema tu kwamba blanketi la kugawa barabarani na blanketi la kuacha makaoni, hata yakinunuliwa duka moja kwa bei moja, ni misaada miwili tofauti.

Kabla ya blanketi la pili, hata hivyo, uliza watu wanalala juu ya nini. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili kutoka chini, na mtu aliyejifunika blanketi mbili juu ya saruji tupu atatetemeka kuliko mwenye blanketi moja aliyelala juu ya godoro, mkeka mzito au hata katoni zilizopangwa. Sisi tulichelewa kulijua hili. Mwaka wetu wa kwanza tulipeleka blanketi thelathini kwa fahari kubwa, na mlezi wa makao akatushukuru, kisha akatuomba kwa sauti ya chini kama tungeweza kubadilisha kumi kati ya hizo kwa mikeka. Godoro lenye ganda la plastiki la kupangusika ni bora zaidi, kwa kuwa makao hayana jua la kukaushia godoro lililolowa mkojo wa mtoto mwezi wa Julai.

Ukaukaji ndio unaoamua pia suala la usafi. Palipo na watu wengi pana upele na chawa, na blanketi likishirikiwa huusafirisha ugonjwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Vijidudu vya upele haviishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya ngozi ya mtu, kwa hiyo blanketi linaweza kufuliwa kwa maji ya moto, au likishindikana kukauka, likafungwa ndani ya gunia na kuwekwa kando kwa wiki nzima kabla ya kutumiwa tena. Hilo lina maana moja kwa mnunuzi: makao ya watu arobaini yanahitaji blanketi zaidi ya arobaini, ili nyingine zikae karantini. Ukiwa na pesa za blanketi kumi tu, makao yenye uhaba mdogo yatazitumia kwa mzunguko huo vizuri kuliko makao yasiyo na lolote, ambako kumi hizo zitavaliwa usiku na mchana hadi zioze.

Kuhusu nguo za mitumba, nitakuwa mfupi. Makao mengi yana magunia ya magauni mepesi na viatu vya kisigino kirefu ambavyo hakuna anayevivaa. Kinachokosekana ni soksi, sweta, boshori, suruali za wanaume na chupi mpya, pamoja na sodo kwa wasichana na akina mama. Kama huwezi kupeleka hivyo, afadhali usipeleke nguo.

Na msinunue jiko la makaa kwa ajili ya kupasha vyumba joto. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi ambayo huua watu wakiwa usingizini, na kila msimu wa baridi nchini mwetu husikika habari za familia iliyokufa hivyo. Jiko likae jikoni.

Gunia

Chakula kina faida ambayo blanketi halina: huliwa na kila mtu kila siku, na ni vigumu kukiuza kikiisha kuchemshwa. Tuchukue makao ya watu arobaini wanaokula githeri mara moja kwa siku. Nikikadiria gramu 200 za mahindi na maharagwe makavu kwa kila mtu, siku moja hutumia kilo 8, na siku 92 za Juni, Julai na Agosti hutumia kilo 736, yaani magunia manane ya kilo 90 na kidogo juu yake. Kikundi kidogo hakiwezi kubeba mzigo huo wote, lakini gunia moja la mahindi na nusu gunia la maharagwe vinatosha siku kumi na sita hivi. Ukiijua hesabu hii mapema, huwezi kupeleka gunia moja ukidhani umemaliza msimu.

Tatizo la chakula ni kalenda. Katika Bonde la Ufa mahindi huvunwa hasa kati ya Oktoba na Desemba, na ndiyo maana bei huwa nzuri kwa mnunuzi mwishoni mwa mwaka, kisha ikapanda kadiri ghala zinavyokauka, hadi Juni na Julai ambapo gunia lile lile linakuumiza. Kikundi kinachochanga Mei kinanunua wakati mbaya kabisa. Kama mna nidhamu ya kununua Desemba au Januari na kuhifadhi kwenye magunia yasiyopitisha hewa, gunia litashinda pesa taslimu bila ubishi, kwa kuwa mmewaokolea makao tofauti ya bei. Kama mnanunua Juni, faida hiyo haipo. Maharagwe hufuata mkondo mwingine, maana mazao mapya ya mvua ndefu huanza kuingia sokoni karibu na Julai. Nunueni ya wiki chache za kwanza tu, msubiri mapya.

Kuhifadhi nako si kuweka gunia pembeni ya sebule. Mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, la sivyo huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo katika maeneo ya Ukambani, wengi wakiwa wamekula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yenye harufu ya uvundo au rangi ya kijani na kijivu yasipelekwe makaoni kwa hoja kwamba wenye njaa hawachagui. Kuna mwanachama mwenzetu aliyewahi kuitoa hoja hiyo, na mkutano ukamnyamazisha.

Kisha kuna kuni. Githeri huchemka saa nyingi, na makao mengi hutumia pesa kwa moto kwa kiwango ambacho mtoaji wa gunia hakifikirii. Kuloweka nafaka usiku kucha hupunguza muda wa moto, na jiko banifu kubwa hupunguza zaidi, lakini hata hivyo gunia bila kuni, chumvi na mafuta ni nusu ya mlo. Tukipeleka gunia sasa, tunapeleka na pesa ya kuni siku hiyo hiyo.

Pesa

Nimefika kwenye njia ninayoipendelea, na naomba msomaji aniruhusu kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayoogopwa zaidi. Watu husema pesa italiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini tazama yale ambayo hakuna anayeyaleta kwa gunia: bili ya maji, tokeni za umeme, sabuni, dawa, kodi ya nyumba, nauli, na ujira wa mlinzi wa usiku. Huyo wa mwisho ndiye ninayemfikiria kila mara. Mlinzi akikosa ujira wa mwezi mmoja, anaondoka. Akiondoka, lango halifunguliwi saa sita usiku kwa kijana anayebisha akiwa amelowa. Na hapo blanketi zote zilizokunjwa ndani hazina kazi. Hakuna kikundi nilichowahi kukisikia kikichangia ujira wa mlinzi, kwa kuwa hauna picha.

Tulifanya kosa moja. Mwaka mmoja tulituma Sh45,000 kwa mkupuo mwanzoni mwa Juni, na tulipotembelea mwishoni mwa Julai tukakuta makao hayana unga. Hakuna aliyeiba. Walikuwa na deni la kodi la miezi miwili, mwenye nyumba alikuwa mlangoni, na pesa yetu ilienda huko kwa risiti halali. Ilikuwa sawa kwao kulipa deni, na ilikuwa kosa letu kudhani kwamba pesa ya mara moja ingejigawanya yenyewe. Tangu hapo tunatuma kwa awamu tatu, tarehe moja ya kila mwezi, na makao yanajua mapema kiasi kitakachokuja, hivyo yanaweza kumwahidi mlinzi na muuza kuni.

Upande wa kujilinda, tunazingatia mambo machache. Pesa hutumwa kwa nambari ya Paybill (nambari ya taasisi ya kupokelea malipo ya simu) au akaunti ya benki yenye jina la makao, kamwe si kwa simu ya mlezi hata akiwa mtu mwema namna gani, na jina la mpokeaji husomwa kabla ya kuandika nambari ya siri. Tunaomba kuona daftari la matumizi la mwezi uliopita kabla ya kutuma la mwezi unaofuata. Makao yanayokasirika kwa ombi hilo tunayaacha kwa heshima. Hatuamui kila shilingi iende wapi. Tunachotaka ni kwamba mtu anaiandika.

Pesa pia ndiyo inayoweza kugusa afya, na msimu wa baridi ni msimu wa kichomi na vifua. Kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hakulipiwi, na kunamfungulia mtu huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Kinachomzuia mtu wa mitaani mara nyingi ni kukosa kitambulisho. Kwa matibabu ya hospitali kubwa kuna mchango wa mwaka, ambao kwa asiye na mshahara kiwango chake cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Linganisha kiasi hicho na bei ya blanketi chache, kisha ujiulize lipi litamfaa zaidi mzee anayekohoa tangu Mei.

Muda

Njia hii naipitia haraka kwa kuwa inafaa wachache. Muuguzi, fundi wa umeme, kinyozi au mwalimu atakayekuja Jumamosi moja kila mwezi kwa mwaka mzima ana thamani kuliko mchango wetu wote. Kikundi cha watu ishirini wanaokuja mara moja kupika chapati, kupiga picha na watoto na kuondoka kinawachosha walezi, na picha za watoto hao hazipaswi kuwekwa mitandaoni hata kidogo.

Makao yapi?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa maana msaada mzuri ukipelekwa mahali pabaya hugeuka. Makao ya usiku ya watu wazima na familia ni kitu kimoja, na makao ya watoto ni kitu kingine chenye sheria zake. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 imekaza masharti, na mkakati wa kitaifa wa miaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia badala ya kuwalea katika taasisi. Kwa hiyo ukialikwa kufadhili makao ya watoto yaliyofunguliwa mwaka jana, uliza cheti, na uliza afisa wa watoto wa eneo hilo kama anayajua. Ukiona mtoto akidhulumiwa, iwe makaoni au mtaani, nambari 116 hupigwa bila malipo.

Sisi Wananakuru tuna sababu ya pekee ya kuuliza mtu anapelekwa wapi. Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani wa mji huu walikusanywa, wakasafirishwa na kuachwa katika msitu wa Chemasusu, Kaunti ya Baringo, na habari hiyo ikaitia aibu Nakuru nchi nzima. Kumwondoa mtu barabarani hakujawa msaada hadi ujue amefika wapi na nani anamsubiri.

Kati ya makao mawili ya watoto, moja likijivunia kuwa na watoto mia na jingine likisema lilikuwa na hamsini na sasa lina thelathini na wawili kwa sababu wengine wamerudi kwa nyanya na wajomba zao, mimi ningechagua la pili bila kusita. Kitanda kimoja makaoni hugharimu chakula, moto na ulinzi siku zote za mwaka. Kumrudisha mtoto kwao Busia au Bomet hugharimu nauli ya watu wawili, sare ya shule, na ziara mbili tatu za kufuatilia kama ugomvi uliomfukuza nyumbani umetulia. Ziara hizo ndizo zinazokosa mfadhili, na zikikosekana mtoto anarudi Nakuru kwa lori la mboga kabla ya mwezi kwisha.

Kwa anayependa kutoa sarafu barabarani, nina machache ya kusema. Mtoto aliye na chupa ya gundi anaivuta kwa sababu inamsahaulisha njaa na baridi, na sarafu yako inaweza kwenda huko. Lakini kumpita kama nguzo ya stima si jibu pia. Mnunulie chai na mandazi, mwulize jina lake, na kama kuna makao unayoyaamini mwelekeze huko. Msaada huo ni wa jioni moja na unatosha kwa jioni moja.

Mgawanyo wetu wa mwaka huu uliamuliwa Jumapili iliyopita baada ya mabishano ya saa mbili. Sh36,000 zitatumwa kwa awamu tatu za Sh12,000, tarehe 1 Juni, 1 Julai na 1 Agosti, na tumeomba sehemu yake imlipe mlinzi wa usiku kwanza. Sh12,000 ni za nafaka na kuni, tukianza na kiasi kidogo cha maharagwe na kungoja mapya Julai. Sh7,000 ni za mikeka na soksi, na Sh5,000 zilizobaki zimewekwa kwa nauli za kuwarudisha watoto wawili ambao mlezi ameshazungumza na jamaa zao kwa simu. Hatukununua blanketi hata moja. Mama mmoja katika kikundi, ambaye kila mwaka ndiye huzichagua sokoni, hakukubaliana nasi, na amesema atapeleka tatu za kwake mwenyewe. Nimemwomba azipeleke kabla Juni haijaanza, na aziache ndani ya lango.